Chapati za Likombe: Faida imo ndani, si kwenye unga

UKITAKA kujua hali ya uchumi wa mji wa Mtwara, huna haja ya kuanzia benki wala bandarini. Amka alfajiri, keti kwenye benchi la kibanda cha chai katika Kata ya Likombe, kisha sikiliza watu wanaagiza nini. Mfuko ukiwa mzuri, mwendesha bodaboda atasema: "Mama, nikunjie moja na mayai mawili." Mfuko ukiwa umetoboka, huyo huyo ataomba chai ya rangi na chapati moja kavu, tena iandikwe kwenye daftari.

Hotelini kuna sandwichi, yaani vipande viwili vya mkate vyenye kitu katikati. Mtaani tunayo pia, ila hatuiiti hivyo. Kuna chapati iliyokunjwa na mayai, mkate uliopasuliwa ukatiwa samaki, na hata muhogo wa kukaanga wenye pweza. Ni chakula cha kushika mkononi, cha mtu anayewahi kazini, na ndicho kinachosomesha watoto wa akina mama wengi wa mji huu.

Makala haya yanaangalia vitu viwili: mteja aagize nini, na mama lishe anabaki na nini baada ya mteja kuondoka.

Asubuhi na jioni

Asubuhi, mfalme ni chapati mayai. Iagize ikiandaliwa mbele ya macho yako. Mayai yapigwe na kitunguu, hoho na karoti, yamiminwe kwenye kikaango, kisha chapati ilazwe juu yake kabla hayajakauka ili vishikane. Nyanya na kabichi viwekwe mwishoni, ndipo ikunjwe. Nyanya ikipikwa pamoja na mayai hutoa maji na chapati hulegea.

Majirani zetu wa Uganda wamekiuza vizuri chakula hiki. Wanakiita Rolex, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza ya "mayai yaliyokunjwa", si ile saa ya Uswisi. Mwaka 2016 walikifanyia tamasha mjini Kampala. Zanzibar nako, mkate mayai wa Forodhani hautoki midomoni mwa watalii. Sisi tunacho, ila bado tunakila kimya kimya.

Cha pili ni mkate na samaki. Hapa uliza kwanza ni samaki gani. Vibua ni rahisi na vitamu, lakini miiba yake inataka mtu aliyetulia, si anayekimbilia ofisini. Kwa kutia ndani ya mkate, jodari au nguru ni bora zaidi, maana nyama yake hutoka vipande vinene. Ongeza ndimu na pilipili, na usikubali samaki aliyekaangwa jana.

Jioni ni zamu ya muhogo wa kukaanga, pweza na chachandu. Upasue muhogo mwenyewe ukiwa wa moto, jaza vipande vya pweza, mwagia chachandu. Siri yake ni kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na wachokoaji, wengi wao wanawake, hufika miambani kwa miguu. Siku hizo pweza huwa mbichi na wengi zaidi. Pweza huyu anatakiwa pia na viwanda vinavyosafirisha nje ya nchi, kwa hiyo kibanda kinagombea bei na wanunuzi wenye mitaji mikubwa.

Hesabu ya kilo moja

Sasa tuingie jikoni. Tuchukue mfano ambao kila mama lishe anaweza kubadilisha tarakimu kulingana na bei za siku. Kilo moja ya unga wa ngano inatoa chapati zipatazo 12. Tuseme unga ni Sh2,000, mafuta Sh900, mkaa Sh600 na chumvi na sukari Sh100. Jumla ni Sh3,600, sawa na Sh300 kwa kila chapati. Akiuza Sh500, anabaki na Sh200.

Unga ukipanda kwa Sh500 tu, faida ya kilo nzima inashuka kutoka Sh2,400 hadi Sh1,900. Ametoa sehemu moja kati ya tano ya kipato chake bila kuuza chapati moja pungufu. Kwa nini asipandishe bei? Kwa sababu mteja amezoea kutoa sarafu moja ya Sh500. Ukimwambia Sh600, chenji inakuwa tabu na mteja anahamia kibanda cha pili. Kwa hiyo bei haipandi, inayokonda ni chapati.

Na unga huo hautoki Mtwara. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania inaagizwa kutoka nje. Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza mwaka 2022, bei ya ngano duniani ilipaa, na mama wa Likombe asiyewahi kuiona Ukraine hata kwenye ramani alilipia vita hiyo kwa karai lake.

Hebu sasa tuweke mayai ndani. Chapati Sh300, mayai mawili Sh800, mafuta na viungo Sh200. Gharama ni Sh1,300. Akiuza Sh2,000, anabaki na Sh700. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya faida ya chapati kavu. Fedha basi imo ndani ya chapati. Na cha ndani, tofauti na unga, kinaweza kutoka hapa hapa: kuku wa mtaani, samaki wa feri, pweza wa mwambani.

Muhogo unakwenda mbali zaidi, kwani hata gamba la nje la "sandwichi" hiyo ni zao la jirani. Tatizo lake ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliozoeleka ukanda wa pwani. Shina na majani yanaweza kuonekana mazima, kumbe mzizi umeoza kwa ndani. Anayenunua kwa fungu anaigundua hasara akishamenya. Mkulima anayewalisha wauzaji hawa anashauriwa kuulizia mbegu zinazostahimili, kama Kiroba, katika kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kiko ndani ya manispaa hii hii.

Daftari na korosho

Kitu kimoja kinautikisa mji huu kuliko bei ya unga, nacho ni korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, fedha ya mkulima huja kwa mikupuo baada ya minada, kuanzia Oktoba. Miezi hiyo chapati mayai hutoka kwa wingi. Baadaye hurudi zama za chapati kavu na daftari.

Msimu wa 2018/19 ulikuwa fundisho. Wakulima walikataa bei za mnadani, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, lakini malipo kwa baadhi ya wakulima yakachelewa. Fedha isipofika shambani, haifiki kibandani. Aliyekuwa amekopesha akitegemea korosho alibaki na majina kwenye karatasi.

Jambo la kushangaza ni kwamba korosho yenyewe haimo kwenye chapati zetu. Nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000 msimu wa 2024/25, nyingi zikaondoka ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Korosho ikikaangwa na kusagwa hutoa siagi laini inayopakwa kwenye mkate au chapati bila kuhitaji jokofu. Vipande vilivyovunjika, ambavyo bei yake ni ndogo kuliko nzima, vinafaa kabisa kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo ufuta: Lindi na Mtwara tunaulima kwa wingi, lakini mkate wa ufuta wenye sifa ni wa Zanzibar.

La kufanya

Kwa mama lishe, la kwanza ni kutenganisha mtaji na matumizi ya nyumbani, hata kwa kutumia makopo mawili. La pili ni kuweka kikomo cha mkopo: faida ya siku ikopeshwe, mtaji usiguswe. La tatu ni kuanza na vyakula viwili vyenye kitu ndani kabla ya kuongeza idadi ya chapati kavu. Wenye vikundi vilivyosajiliwa waulizie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Wanawake hutengewa asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili.

Kwa mteja ni jepesi zaidi. Ukikaa kwenye benchi, agiza chenye kitu ndani, na ulipe taslimu. Wafanyabiashara husema biashara ni asubuhi, jioni mahesabu. Mama anayefunga kibanda jioni anatakiwa akute fedha kwenye kopo, si majina kwenye daftari.