Mwenzako kaacha fegi, usimpe kiberiti dakika ya 89

DAKIKA ya 89, Simba na Yanga hazijafungana. Kibanda umiza pale Katesh kimejaa hadi mlangoni, na nje upepo wa Mlima Hanang unakata masikio. Benchi la tatu kuna jamaa ana siku ya tatu tangu aache sigara. Hajamwambia mtu. Mikono yake haijui pa kukaa. Kona inapigwa, kipa anapangua, kibanda kizima kinalipuka, na jirani yake, kwa roho safi kabisa, anamchomolea fegi moja. Shika bwana, upunguze presha.

Siku tatu zimeishia hapo.

Huyo jamaa tunamjua. Wengine ndiye sisi wenyewe. Kesho yake ataambiwa hana msimamo, lakini mimi naona benchi zima limefungisha goli lile. Nikotini inatoka mwilini ndani ya siku chache, na hizo ndizo siku ngumu kuliko zote: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kizito. Hamu yenyewe ikija huwa haikai sana. Ni dakika chache tu, kama zile za nyongeza, halafu inapoa. Anachotaka mtu ni wa kumvusha hapo. Jirani angempa karanga au maji ya kunywa, mechi ingeisha salama.

Ukanda huu una kisingizio chake. Mbulu mjini, Dongobesh, hadi Haydom, asubuhi ya mwezi wa saba utaambiwa sigara inapasha joto. Wapi! Nikotini inabana mishipa ya damu, kwa hiyo vidole vinazidi kuwa vya baridi. Na kwa vijana wanaokipiga mtaani kuna kubwa zaidi. Moshi una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Huku juu hewa yenyewe ni nyepesi, halafu wewe unaipunguza tena kwa kupenda! Winga wa namna hiyo dakika ya 60 kashika kiuno, mashabiki wanamlaumu kocha kwa kutofanya sub.

Na kuhamia kwenye ugoro wa babu si kuacha. Nikotini ni ile ile, umebadili jezi tu.

Kama unadhani hili ni tatizo la wachezaji wa mchangani, mkumbuke Johan Cruyff. Alivuta tangu ujana wake, akiwa mchezaji na hata akiwa kocha. Februari 1991, akiinoa Barcelona, moyo uligoma akafanyiwa upasuaji. Akaacha. Aliporudi kwenye benchi la ufundi mdomoni alikuwa na pipi ya kijiti, dunia nzima ikamwona, na mwaka uliofuata akabeba Kombe la Ulaya pale Wembley. Alitengeneza hata tangazo la kupinga sigara, akiipiga danadana pakiti kisha kuifumua shuti. Saratani ya mapafu ilimchukua Machi 24, 2016, lakini miaka 25 aliyoipata baada ya ule upasuaji si haba.

Sasa sikia walichofanya Waskoti. Mwaka 2010 klabu za Ligi Kuu yao zilianza kuwaita mashabiki wanaume wenye vitambi, wa miaka 35 hadi 65, wakutane uwanjani kwa wiki 12. Lengo lilikuwa uzito, si sigara. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliokuwemo walikuwa wamepungua karibu kilo tano zaidi ya wale ambao bado walikuwa wakisubiri zamu. Ni wanaume wale wale wanaoikwepa zahanati. Walipoitwa na klabu yao, wakakaa na wenzao wa jezi moja, walikuja.

Sisi tunacho kitu cha ziada: utani. Simba mmoja na Yanga mmoja wanaotaka kuacha wapeane mkono mbele ya mashahidi. Atakayevuta kwanza, dabi inayofuata anavaa jezi ya mtani wake na kukaa mbele kabisa. Hapo hata usiku wa manane mtu akishikwa na hamu, atafikiria ile jezi. Naye mtani wake atakuwa anampigia simu kila jioni, kwa sababu anatamani sana kumkamata!

Ila mtu akiteleza, achekwe siku moja tu, kisha aanze upya. Watu wa Mbulu hawahitaji kufundishwa hilo. John Stephen Akhwari wa kwao alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti likaumia vibaya. Aliingia uwanjani mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa mwisho. Hakuna anayemkumbuka kwa kuanguka.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, huyo utani haumtoshi. Msindikizeni kituo cha afya, hata kama yeye ndiye mwenye rimoti ya kibanda.

Dabi ijayo, kabla ya kipyenga, mchungulie jirani yako mikono. Karanga zinauzwa pale pale mlangoni.