Kununua Kamera kwa Akiba Ndogo: Tazama Mdomo Kabla ya Mashine



Mwezi uliopita nilifika Mantapala, hapa Nchelenge, kuonana na kikundi cha watu wanane wanaoweka akiba pamoja. Ni watu waliovuka kutoka Katanga na Tanganyika wakati wa machafuko ya 2017, wakapata makao makazi yalipofunguliwa mwaka 2018. Huko kwao walikuwa vibarua wa mashamba, na wawili walifanya kazi kiwandani. Wamekusanya kwacha zao wiki kwa wiki, na sasa wanataka kununua kamera isiyo na kioo ndani, ile ya kisasa, wapige picha za harusi, za ubatizo na picha ndogo za vitambulisho.

Mimi nilikwenda kwa habari ya kadi za wanachama, lakini mazungumzo yakageuka. Mama mtunza akiba alifungua mfuko wake akatoa karatasi aliyoandikiwa na mwuzaji mmoja. Juu yake palikuwa na majina matatu ya kamera, bei tatu, na mbele ya kila moja neno "nzuri". Akaniuliza, "Ndugu, ikiwa zote ni nzuri, sisi tuchukue ipi?"

Jibu nililompa nawaandikia na ninyi, kwa sababu swali hilo hilo nimeulizwa na wachuma chai wa Kawambwa. Tena mimi mwenyewe nimekwisha kulilipia. Miaka ya nyuma, mimi na wenzangu wawili tulinunua kamera ndogo ya namna hii kwa bei ya kutupa. Picha zake zilikuwa safi kabisa. Siku moja lenzi ilianguka kwenye sakafu ya saruji ikavunjika. Tulipotafuta nyingine tukaambiwa kwamba kiwanda kimekwisha kuacha kutengeneza kamera na lenzi za aina ile. Kamera hiyo ni nzima mpaka leo, imelala sandukuni kwangu, na haipigi picha.

Kwanza tuelewane juu ya mashine yenyewe. Kamera kubwa za wapiga picha tulizozoea, hata zile za dijitali, zina kioo kidogo kilicholala mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia hupiga kioo, hupanda juu, hufika kwenye jicho lako dirishani. Ukibonyeza, kioo huruka (ndio ule mlio mnaoujua) na mwanga hupita mpaka kwenye sensa, yaani bamba linalopokea picha mahali pa filamu ya zamani. Kamera zisizo na kioo zimeondoa kazi hiyo yote. Mwanga huenda moja kwa moja kwenye sensa, na wewe unaona picha kwenye skrini kama ya simu. Panasonic walitoa ya kwao ya kwanza, G1, mwaka 2008, wengine wakafuata.

Faida yake ni kwamba kamera ni nyepesi, na kabla ya kubonyeza unaona kama picha itakuwa na giza au mwanga mno. Kwa mtu anayejifunza hilo ni msaada mkubwa. Hasara yake ni betri, kwa sababu sensa na skrini hufanya kazi muda wote. Sony a6000 ya mwaka 2014 imepimwa kupiga picha kama 360 kwa betri moja. Nikon D3500 ya 2018, ambayo ina kioo, imepimwa kupiga 1,550. Mtu anayechaji kwa sola, tena siku za mawingu, aitazame tofauti hiyo vizuri.

Sasa tuje kwenye mdomo. Pale mwili wa kamera unapokutana na lenzi pana pete ya chuma. Mimi huiita mdomo. Kila kampuni ina mdomo wake, na lenzi ya mdomo wa Sony haikai kwenye Nikon, kama vile nati ya inchi isivyokubali boliti ya milimita. Ndugu zetu wa karakana hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo ukinunua kamera hujanunua mashine moja tu. Umejifunga kwa lenzi zote utakazonunua baadaye. Mwili wa kamera utapitwa na wakati baada ya miaka michache, lakini lenzi nzuri ikitunzwa inaweza kukaa miaka 20 na kuhamia mwili mwingine wenye mdomo ule ule.

Ndiyo maana nilichukua ile karatasi ya mama nikauliza juu ya kila jina: mdomo wake ungali hai au umekufa? Samsung waliingia mwaka 2010 na kamera zao za NX, kisha wakaiacha biashara hiyo. Nikon walitoa zile zilizoitwa Nikon 1 mwaka 2011, wakazifunga 2018. Canon walianza EOS M mwaka 2012, na kufika 2023 zikaondolewa. Kamera hizi zote utazikuta zinauzwa rahisi baada ya kutumika, na urahisi wake unavutia. Si kwamba hazipigi picha. Mtu mmoja akiipata pamoja na lenzi zote anazohitaji, kwa bei ndogo kweli, haya, achukue. Lakini akiba ya watu wanane isiwekwe kwenye mdomo uliokufa.

Midomo iliyo hai ni Sony E tangu 2010, Fujifilm X tangu 2012, Canon RF na Nikon Z tangu 2018, na Micro Four Thirds tangu 2008, ambao Panasonic na Olympus waliutumia kwa pamoja. Olympus waliuza kazi yao ya kamera, na tangu 2021 kampuni ya OM Digital Solutions inaendelea kwa mdomo ule ule. Huo haukufa, ulibadilisha mwajiri tu.

Kati ya hao walio hai, mwenye fedha kidogo aulize: nani mwingine anatengeneza lenzi za mdomo huu? Pakiwa na mtengenezaji mmoja tu, bei ni yake. Sony waliwafungulia watengenezaji wengine vipimo vya mdomo wao mwaka 2011, kwa hiyo lenzi za E zilizotumika ni nyingi na zina bei za kila namna. Canon walichelewa. Ni mwaka 2024 tu Sigma na Tamron walipotangaza lenzi zao za RF za kulenga zenyewe kwa kamera za sensa ndogo. Fujifilm ni kamera ninazozipenda kwa rangi ya ngozi, lakini lenzi zao zilizotumika sijazikuta kwa bei ya kibarua.

Kuna njia ya kuokoa fedha ambayo wauzaji hawaisemi mara nyingi. Kwa kuwa kioo kimeondolewa, sensa imesogea karibu na mdomo. Katika kamera za zamani za Canon, kutoka mdomo mpaka sensa ni milimita 44. Katika RF ni 20, na katika Sony E ni 18. Nafasi iliyobaki inatosha kuweka pete ya kuunganishia, na lenzi ya zamani ikafanya kazi kwenye mwili mpya. Lenzi ya Canon EF juu ya Canon RF, kwa pete yake, hulenga vizuri kabisa. Kwa Nikon jihadharini: lenzi zao za zamani zisizo na mota ndani hazilengi zenyewe juu ya pete ya Z, utazungusha kwa mkono. Kwa hiyo kama shemeji yako ana lenzi mbili za Canon EF kabatini, hesabu yako ni tofauti na ya jirani asiye na kitu. Tena kinyume chake hakiwezekani: lenzi mpya ya RF haiwezi kurudi kwenye kamera ya zamani.

Tulipofika kwenye fedha kijana mmoja alikasirika kidogo. Yeye alitaka mwili mpya kabisa kwa sababu ya video, na mwuzaji alikuwa tayari kuutoa pamoja na lenzi yake ndogo, deni limalizwe Januari. Nikawaambia wagawe fedha mafungu kumi. Mwili usizidi manne. Lenzi ya pili ipate matatu. Matatu yaliyobaki ni ya betri mbili za ziada, kadi mbili, flashi na mfuko usiopitisha maji. Na deni la Januari wasiliguse. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi umefungwa ziwani, na mnajua wenyewe mfuko wa mtu wa Kashikishi unavyokuwa miezi hiyo. Nani atakayelipia picha?

Kwa nini lenzi ya pili? Lenzi ndogo inayokuja na kamera, ile ya milimita 16 hadi 50, inafaa mchana na inafaa chumbani. Lakini ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake huishia f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupokea mwanga karibu mara 10 zaidi. Harusi ikifika saa moja usiku, taa ni balbu ya sola iliyofungwa kwenye mti, hiyo mara 10 ndiyo tofauti kati ya sura ya bibi harusi na ukungu mweusi. Na hapo ndipo mteja anapoona kwa nini akulipe wewe, hali mpwa wake ana simu.

Lakini milimita 50 ina ubishi wake. Juu ya sensa ya kawaida ya Sony, Fujifilm au Nikon ndogo, inaona kama milimita 75 za filamu. Juu ya Micro Four Thirds inaona kama 100. Mtu mmoja kifua mpaka kichwa, safi. Familia ya watu tisa katika chumba cha mita tatu, utarudi nyuma mpaka utoboe ukuta. Mwenye Micro Four Thirds atafute ya milimita 25 kwa kazi hiyo. Panasonic wanayo ya f/1.7, na si ghali.

Habari ya megapikseli haitakiwi iwapotezee usingizi. Picha ya ukubwa wa karatasi A4, iliyochapwa vizuri, inahitaji kama megapikseli 9. Kamera ya 16 inatosha na kubaki.

Jambo ambalo karatasi ya mwuzaji haikulitaja kabisa ni dirisha la kutazamia. Nendeni ufukweni Kashikishi saa sita mchana, chisense imeanikwa, mchanga unang'aa, maji yanang'aa, halafu mjaribu kuona kitu kwenye skrini ya nyuma. Sony a5100 haina dirisha. A6000, ya mwaka ule ule, inalo. Kwa kazi ya nje huku ziwani mimi singenunua isiyo nalo.

Na nitasema wazi hata kama ni kinyume cha waliloniuliza: kamera ya zamani yenye kioo, pamoja na lenzi ya 50, bado ni ununuzi wa heshima kwa mwenye fedha kidogo sana. Ni nzito, lakini betri zake hudumu na lenzi zake zimejaa. Mama mtunza akiba alilipenda wazo hili. Kijana hakulipenda.

Mkienda kutazama kamera iliyotumika, nendeni mchana na tochi. Mulika ndani ya lenzi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya unyevunyevu, iache. Weka kadi yako, funga tundu mpaka f/16, piga picha ya anga tupu, kisha ikuze skrini: madoa yasiyohama ni vumbi kwenye sensa. Kidogo husafishwa. Katika kamera hizi sensa iko wazi unapobadili lenzi, kwa hiyo vumbi la kiangazi la Mantapala litaingia lisipoogopwa. Badilini ndani ya nyumba, mdomo ukitazama chini. Betri iliyovimba usiikubali hata bure.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya aliongeza neno nililolisahau. Alisema hapa kuna watu waliokimbia kwa sababu sura zao zinatafutwa. Mpiga picha aulize kwanza, na asibandike picha ya mtu ukutani bila ruhusa yake. Wote wakakubali iandikwe katika kanuni za kikundi.

Walipiga kura. Watano walitaka a6000 iliyotumika pamoja na lenzi ya pili na betri, watatu wakabaki na ile mpya. Wamechagua wawili, yule mama na yule kijana, waende Mansa kuitazama, na tochi nimewaazima yangu. Mwanachama mwenye lenzi ya mdomo wa Sony E asiyoitumia, amwone katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.