Mgonjwa Yuko Wodini, Mtoto Yuko na Nani?

Juma hili nataka tuzungumzie jambo linaloingia majumbani mwetu bila kupiga hodi: mama wa nyumba analazwa hospitali, na nyumbani anabaki mtoto mdogo ambaye hata hajui wodi ni kitu gani.

Aghalabu jambo la kwanza tunalofanya ni kuhesabu watu. Nani atapeleka uji wa asubuhi? Nani chakula cha mchana? Nani atalala na mtoto? Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na kwa kweli hapa kwetu mikono haikosekani. Shangazi anakuja kutoka Mbagala, mama mdogo anataka mtoto apelekwe kwake Tabata, na jirani anasema mwacheni hapa hapa acheze na wenzake. Wote wana nia njema.

Lakini hebu tuitazame hesabu hiyo kwa macho ya mtoto. Jumatatu analala Tabata, Jumatano kwa jirani, Ijumaa Mbagala. Leo anaogeshwa na huyu, kesho analishwa na yule, na akilia usiku anabembelezwa na sauti asiyoizoea. Mama hayupo, na sasa hata kitanda chake hakipo.

Jambo hili limechunguzwa. Huko Uingereza, katika miaka ya 1960, mtu na mkewe, James na Joyce Robertson, walipiga filamu za watoto wadogo ambao mama zao walikwenda hospitali kujifungua mtoto wa pili. Mmoja wao, John, alikuwa na umri wa miezi 17. Alipelekwa kukaa siku 9 katika kituo cha kulelea watoto. Wahudumu wa kituo hawakuwa watu wabaya. Ila walifanya kazi kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa John awe wake. Siku za mwanzo alimsogelea huyu, zamu ikaisha. Akamsogelea yule, naye akaitwa kwa mtoto mwingine. Hatimaye akawa mtu wa kulia, kukataa chakula na kujilaza amekumbatia dubu wa kitambaa. Mama yake alipokuja kumchukua, alipiga mayowe na kujinasua mikononi mwake.

Watoto wengine wanne akina Robertson waliwachukua nyumbani kwao, mmoja mmoja kwa wakati wake. Kabla ya mama kwenda hospitali, mtoto alizoeshwa nyumba ile. Alikuja na blanketi lake na vitu vyake vya kuchezea. Picha ya mama ilikuwepo, akisemwa kila mara, na baba alikuja kumtembelea. Zaidi ya yote, alikuwepo mtu mmoja, Joyce, mchana na usiku. Mmoja wa watoto hao, Kate, alikaa siku 27, yaani mara tatu ya siku za John. Walisononeka, naam, lakini hawakuvunjika kama John, na kurudi kwa mama zao kulikuwa kwepesi zaidi.

Basi tofauti haikuwa wingi wa siku wala ubaya wa watu. Tofauti ilikuwa zamu. Mikono mingi inamfaa mtoto pale tu inapomzunguka mtu mmoja anayemjua.

Nayasema haya nikiwa nimeyapitia. Mwaka 2016 mke wangu alipasuliwa tumbo, akalazwa siku 19. Binti yetu alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Jioni ile ile ukafanyika kikao cha familia sebuleni, na kila mmoja akaja na pendekezo lake. Dada yangu mkubwa aliwasikiliza wote, kisha akauliza swali moja: "Huyu mtoto akishtuka usiku, anamwita nani?"

Kimya kikatanda, maana kila mtu alilijua jibu. Mama yake asipokuwepo, alimwita binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Basi tukaamua mtoto abaki nyumbani, kitandani pake, na dada huyo huyo. Yeye asiguse kazi nyingine. Kupika, kufua, kuchota maji na kubeba vyakula kwenda hospitali vikawa vya ndugu. Mama mkwe wangu, aliyekuja na begi tayari kumchukua mjukuu, aliumia kidogo. Nikamwomba akae upande wa mgonjwa, kwani mwanawe naye alihitaji mama. Akakubali.

La pili ni ukweli. Hapa kwetu mtoto huambiwa mama kasafiri, atarudi na zawadi. Jirani mmoja alimwambia hivyo binti yetu. Mtoto akatazama mlangoni, akasema: "Mbona viatu vyake hivi hapa?" Nilimkalisha nikamweleza: mama anaumwa tumbo, yuko hospitali, madaktari wanamtibu, wewe hukumkosea, na kila siku mimi nitakwenda kumwona na kurudi. Maneno hayo machache nikayarudia kila jioni. Wodini watoto wadogo hawakuruhusiwa kwa kuhofia maambukizo, kwa hiyo akawa anaisikia sauti ya mama kwa simu, na kulala na khanga yake ambayo haikufuliwa.

La tatu ni baba mwenye ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa ilimpa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo, katika kila mzunguko wa likizo wa miezi 36, mtoto wake anapougua au kufariki, na vile vile mwenzi wake anapofariki. Kuugua kwa mwenzi hakukutajwa. Yaani ruhusa ya kumzika mke iliandikwa. Ya kumwuguza haikuandikwa. Kwa hiyo wengi wetu hula siku za likizo ya mwaka, ambazo ni 28, au hutegemea huruma ya mkuu wa kazi. Ni vema kwenda kuzungumza naye mapema, siku ya kwanza, kabla utoro haujaanza kuhesabiwa.

La mwisho, ambalo wengi haliwapitii akilini, ni siku ya kurudi. Tunatazamia mtoto amkimbilie mama. Wa kwetu alijificha nyuma ya dada, akamchungulia mama yake kama mgeni. Mke wangu alitokwa na machozi. Asikemewe mtoto kwa hilo, wala asiitwe hana shukrani. Hajamsahau mama, anaogopa asije akaondoka tena. Mama aketi, maana mshono haumruhusu kubeba, na mtoto aachwe asogee kwa hatua zake. Na yule aliyemshika siku zote asiondolewe ghafla, kwani hapo mtoto atakuwa amepoteza mtu wa pili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, likitufika jambo hili, kabla ya kuuliza nani atapeleka uji, tuulize mtoto anabaki na nani, na je, mtu huyo atakuwa yule yule leo, kesho na keshokutwa? Mengine mikono mingi itayamaliza.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.