Mtaa ni Watu

Mgeni akishuka Kariakoo na kuuliza Mtaa wa Kongo uko wapi, ataoneshwa njia iliyofurika wauza nguo na viatu. Akiulizia ofisi ya serikali ya mtaa, ataelekezwa kwingine, maana mtaa huo wa pili si njia. Ni eneo lenye mipaka, mwenyekiti, mtendaji, muhuri na daftari la wakazi.

Katika miji ya Tanzania, mtaa huu wa pili ndio unaomgusa mtu maishani. Anayeomba kitambulisho cha taifa, anayefungua akaunti benki, anayemdhamini ndugu yake mahakamani, mara nyingi huanza kwa kufuata barua ya utambulisho kwa mtendaji. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi kwa kura, kama ilivyofanyika tarehe 27 Novemba 2024. Zanzibar kazi kama hizo ziko kwa sheha na shehia yake.

Miji ya kale ya pwani nayo ilihesabu mitaa kwa watu. Lamu ina Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini. Mji Mkongwe wa Unguja una Shangani, Malindi, Kiponda, Sokomuhogo. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari, lakini mtu akitaja mtaa wake, msikilizaji hujua jirani zake ni akina nani na huswali msikiti upi. Nairobi, ukisema mtaa, watu wanaelewa Buruburu nzima au Eastleigh nzima, na Kibera huitwa mtaa wa mabanda.

Mwaka 2022 Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Nguzo zenye majina ya njia zikasimikwa, nyumba zikapata namba. Ilikuwa kazi ya lazima: gari la wagonjwa usiku haliwezi kutegemea maelekezo ya "kata kushoto penye mwembe". Hata hivyo kibao kinamwonesha dereva pa kupita tu. Nani anaumwa na nani kafiwa, hayo bado yanajulikana kwa jirani.

Ndiyo maana matumizi mengine ya neno hili yananisumbua. Kijana aliyehitimu chuo bila kupata ajira, tunasema "yuko mtaani", kana kwamba mtaani hakufanyiki kazi, ilhali ndiko waliko mafundi cherehani, mama lishe na bodaboda wanaolisha familia.

Baya zaidi ni "mtoto wa mtaani". Ukisema "mtoto wa mtaani kwetu", unamtaja ambaye kila mama pale ana haki ya kumkanya na wajibu wa kumlisha. Ondoa "kwetu", naye anabaki wa kufukuzwa. Anayelala kwenye baraza la duka analala ndani ya mtaa wenye mwenyekiti na mtendaji, na jina lake halimo daftarini. Aitwe mtoto asiye na makazi, na mtendaji amwandike.