Kichwa cha Luzira kirudi lini?

Wafanyabiashara wa Busia na wenzao wa Tororo wanaopitia Malaba wanajua vyema kwamba mzigo usio na karatasi hauvuki mpaka. Lakini ipo mizigo iliyotoka Uganda enzi za ukoloni bila wenyewe kuulizwa. Mmojawapo ni sanamu ya udongo iitwayo Kichwa cha Luzira.

Wafungwa waliokuwa kazini katika kilima cha Luzira, karibu na Kampala, ndio walioifukua mwaka wa 1929. Tangu 1931 imo mikononi mwa British Museum, London.

Wapo wanaosema huko iko salama zaidi. Mimi sikubaliani nao. Kule Siena, nchini Italia, sanamu ya kale ya marumaru ya wanawake watatu imewekwa katika Maktaba ya Piccolomini, ambayo kuta zake zilipambwa kwa michoro na Pinturicchio. Mtoto wa Siena huiona bila pasipoti. Mtoto wa Tororo akitaka kukiona Kichwa cha Luzira, sharti kwanza atafute viza ya Uingereza.

Kizuizi kimoja ni sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1963, inayokataza British Museum kutoa mali yake ila kwa sababu chache. Chuo Kikuu cha Cambridge hakifungwi na sheria hiyo. Mwaka wa 1962, Uganda ilipopata uhuru, chuo hicho kilirudisha masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yaliyokuwa yamechukuliwa na mmishonari John Roscoe. Juni 2024 kikaleta vitu vingine 39 katika Makavazi ya Uganda, lakini safari hii kwa mkopo wa miaka mitatu.

Ndugu zangu mliorudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi mnajua tofauti ya kurudi na kutembea. Anayerudi huulizia shamba lake. Mgeni huulizia basi la kuondoka.

Kwa hivyo, unapoenda Kampala kununua bidhaa Kikuubo, tenga saa moja ufike Makavazi ya Uganda, barabara ya Kira, Kitante. Tazama yaliyopo, kisha uulize yasiyokuwepo. Serikali haiwezi kudai kwa nguvu kitu ambacho raia wake hawajui kwamba walikuwa nacho. Na kikirudi, kisirudi kwa mkopo. Mwenye mali hakopeshwi mali yake.