Babu na Karatasi ya Maswali: Siku Yetu Visiwa vya Dimaniyat

Nina miaka 66, na nilidhani mambo ya mitihani nimeshayaacha nyuma. Lakini asubuhi moja ya Oktoba nilikaa bandarini Al Mouj, hapa Maskati, kalamu mkononi na karatasi ya maswali magotini, na wallahi mkono ulikuwa unanitetemeka.

Karatasi ile hupewa kila anayetaka kuzamia na mtungi wa hewa. Inauliza: Una pumu? Umewahi kupasuliwa kifua? Masikio yanakusumbua? Una presha? Mimi presha ninayo, na kila asubuhi nameza kidonge. Lakini pembeni yangu alikuwa mjukuu wangu, binti wa miaka 14, ambaye ameshamaliza mafunzo yake kwenye bwawa. Nilimwahidi tutazama pamoja. Basi kalamu ikaanza kuelekea kwenye "hapana".

"Babu, na vidonge vyako?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Nikanyamaza. Nimesomesha fizikia zaidi ya miaka 30, na kabla ya hapo nilisomeshwa na padri mmoja mkali wa shule ya misheni kule mwambao. Yeye ndiye aliyetutia kichwani kwamba ukishuka mita 10 majini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Mita 20, mara tatu. Puto ulilolijaza kwenye mita 10 likifika juu limevimba mara mbili. Ndiyo maana mzamiaji haruhusiwi kabisa kubana pumzi wakati anapanda: pafu nalo ni puto.

Hayo nimeyaandika ubaoni miaka yote, leo nataka kuidanganya karatasi! Na wazamiaji hushuka wawili wawili, kila mmoja mlinzi wa mwenzake. Moyo wangu ukinisaliti kule chini, wa kunibeba ni nani? Ni mtoto yule yule.

Nikaandika "ndiyo". Mwalimu wetu, dada mmoja mpole, akasema bila barua ya daktari mtungi sitapewa. Naweza kuelea juu tu, na miwani, bomba la kupumulia na jaketi la kuokolea. Niliona haya, siwafichi.

Visiwa vya Dimaniyat ni tisa, kiasi cha kilomita 18 kutoka pwani ya Barka, na ni hifadhi ya taifa tangu 1996. Kwa boti ni karibu saa nzima. Kuanzia Mei hadi Oktoba hairuhusiwi kukanyaga ufukweni, kwa sababu ya kasa na ndege wanaotaga, kwa hiyo tulibaki majini. Wengi huenda msimu huo kwa tamaa ya kumwona papa potwe, yule mkubwa mwenye madoa, asiyemdhuru mtu. Sisi hatukumpata.

Lakini maji yalikuwa safi. Nikiwa juu niliyaona matumbawe, na mapovu ya mjukuu wangu yakipanda moja moja. Ghafla kasa akapita katikati yetu, yeye chini, mimi juu.

Alipotoka majini akapiga kelele: "Babu, nimeona sulhafa!"

"Yule ni ng'amba," nikamwambia. "Hukumtazama mdomo, umepinda kama wa mwewe?"

"Ngamba."

"Siyo ngamba. Ng'amba. Kama ng'ombe."

Akajaribu mara nne, boti nzima ikicheka. Nikamweleza kwamba marehemu mama yangu alikuwa na kitana cha gamba la ng'amba. Zamani kwetu watu walimwinda kwa gamba lake, likachongwa vitana na mapambo, mpaka akakaribia kumalizika. "Kitana kile kiko wapi?" akauliza. Sijui. Tulikuja Oman na masanduku mawili tu.

Matumbawe nayo si mawe, ni wanyama wadogo mno waliojenga nyumba kwa karne nyingi. Maji yakizidi joto huwatoa vijimea wanaowalisha, wakageuka weupe, na joto likiendelea hufa. Kimbunga Gonu cha 2007 kiliyavunja mengi pwani hii. Nanga ikitupwa ovyo, au mguu wa mtalii, navyo huvunja. Tuwafunze watoto: tazama, usiguse.

Kwa familia zinazopanga safari, iwe Dimaniyat, Mnemba au Mafia, nashauri haya. Mwenye presha, kisukari au pumu amwone daktari wiki kadhaa kabla, asingoje bandarini kama mimi. Mtoto asiyefika miaka 10 asipewe mtungi baharini. Kina mama, nguo ya kuzamia hufunika mwili kuanzia shingo hadi miguu, na mkitaka mwalimu wa kike ulizieni mapema. Na msipande ndege siku hiyo hiyo: subirini saa 24, maana naitrojeni iliyobaki damuni inaweza kufanya mapovu ya hatari huko angani.

Mimi nimeshamwona daktari. Amenipima moyo, amenibadilishia dawa, na ameniambia nirudi baada ya mwezi. Barua ikitoka nitazama. Isipotoka nitaelea juu, nihesabu mapovu ya mjukuu wangu. Naye ameshaniletea daftari, anataka nimwandikie majina ya samaki wote kwa Kiswahili. Nimeanza na chewa.