Mwimbaji Ajisikie Kwanza

Jumapili asubuhi mjini Kitengela, makanisa ya mabati na mahema yamejipanga kandokando ya barabara ya Namanga na ndani ya mitaa, na mengi yana bendi yake. Ndani ya jengo la mabati sauti haina pa kufia. Inagonga paa, inagonga ukuta, inarudi jukwaani. Mpiga dramu anapiga kwa nguvu, mpiga besi anapandisha ili ajisikie, spika za sakafuni zinazowatazama waimbaji nazo zinapandishwa ili ziishinde besi. Kiongozi wa sifa, asiyesikia hata neno lake mwenyewe, anaanza kupiga kelele. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza tabia hii mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Kumkemea hakusaidii. Ibada ya pili inapoanza, koo limeshakwaruza.

Ndiyo maana nazitetea monita za masikioni, zile ambazo waumini wengi huziona kama pambo la nyota wa televisheni. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen ya Marekani, alimtengenezea mpiga dramu Alex Van Halen monita za namna hiyo kwa sababu kelele za jukwaa zilikuwa zimemzidi. Nyingine zilikuwapo kabla yake, lakini kazi ile ndiyo iliyozaa kampuni ya Ultimate Ears. Kanuni yake haijabadilika: ziba sikio kwanza, kisha ingiza kidogo tu cha kile mwanamuziki anachohitaji, labda sauti yake, kibodi na mdundo.

Kuziba ni nusu ya kazi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Tazama jukwaani: wimbo wa pili haujaisha, mwimbaji amechomoa monita ya sikio moja, inaning'inia shingoni, kwa sababu anataka kuwasikia waumini. Sikio lililo wazi sasa linapigwa na jukwaa zima. Lile lingine nalo linaongezewa sauti, maana masikio mawili yakisaidiana husikia zaidi kuliko moja. Tiba yake ni rahisi: fundi wa mitambo aelekeze maiki moja kwa waumini na kuwarudishia waimbaji sauti hiyo kwa kiasi. Kuongeza sauti kuna hatari yake: taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Kipindi cha sifa peke yake hupita hapo, na sikio likishaharibika kwa kelele halirudi.

Kajiado, kaunti ulimo mji wa Kitengela, ilikuwa na jibu lake kabla ya umeme. Waimbaji wa Kimaasai husimama karibu karibu, mahali pa wazi. Olaranyani anaongoza, wenzake wanaitikia kwa ngurumo ya koo, bila dramu wala spika. Kila mmoja anamsikia jirani yake kwa sababu yuko pale pale na hakuna ukuta unaorudisha sauti. Vikuza sauti vilivunja ukaribu huo. Monita ya sikioni, ikitumiwa vizuri, inaurudisha.

Jirani wa kanisa naye ana haki. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba katika makazi wakati wa mchana, na 35 tu kuanzia saa 2 usiku. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Monita pekee hazitamwokoa jirani huyo, kwa kuwa dramu bado zinalia na spika kubwa bado zinatazama mtaa. Lakini zikiondoa zile za sakafuni, fundi anapata nafasi ya kushusha zilizobaki bila waimbaji kulalamika.

Kwa kamati inayopanga kununua, nasema anzeni na waya. Mpiga dramu na mpiga kibodi wamekaa mahali pamoja. Kikuza sauti kidogo cha iafoni na waya mrefu vinawatosha, kwa gharama ndogo kuliko mtambo wa redio unaotuma sauti bila waya. Iafoni za Bluetooth za simu ziacheni nyumbani, kwa sababu huchelewesha sauti kiasi cha kumtoa mwimbaji kwenye mdundo. Wekeni kidhibiti kinachozuia mlipuko wa ghafla wa sauti. Na kabla ya kulipia chochote, mpelekeni fundi wenu wa mitambo akafunzwe, kisha mumpe mamlaka ya kukataa mtu anapomwomba aongeze.